Kipindupindu Kando ya Ziwa: Tulikotoka na Tulichojifunza

Mazungumzo haya ni yako mama, nyanya unayelea wajukuu, shangazi, dada mkubwa, baba uliyeachiwa watoto, na kila mtu ambaye mtoto akiugua usiku ndiye anayeamka. Ikiwa ulikisikia kipindi hiki redioni na hukupata nafasi ya kukisikiliza chote, sasa maneno yake unayo mkononi. Yasome polepole, na umsomee jirani ambaye hana kijitabu.

Leo hatutaanza na dawa. Tutaanza na historia. Huenda ukauliza, "Historia itanisaidia nini mimi ambaye mtoto wangu anaharisha?" Itakusaidia. Kipindupindu kimefika Migori na Homa Bay mara nyingi, na kila mara kimetuachia funzo. Anayelijua funzo hilo huweza kuokoa mtu wake. Asiyelijua hungoja, na kipindupindu hakingoji mtu.

Swali letu la leo ni hili: Kwa nini watu wawili washikwe na kipindupindu kile kile, wiki moja, katika kata moja, kisha mmoja apone na mwingine azikwe?

UGONJWA WA NJIA ZA WASAFIRI

Kwanza tuelewane. Kipindupindu si chira, si kurogwa, wala si upepo mbaya. Ni ugonjwa unaoletwa na viini vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa bakteria. Viini hivyo hutoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mtu mwingine kupitia maji, chakula au mikono michafu. Mgonjwa huharisha maji matupu, meupe kama maji yaliyooshewa mchele, na mara nyingi hutapika. Mwili hukauka upesi. Mtu mzima aliyeamka na nguvu zake akaenda shambani anaweza kuwa hoi kabla ya jua kutua. Wale wanaoshikwa vikali wasipotibiwa, hata nusu yao wanaweza kufa. Wakitibiwa mapema na vizuri, wanaokufa ni chini ya mmoja kati ya mia.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Katika karne ya 19 ulifika pwani ya Afrika Mashariki zaidi ya mara moja, ukisafiri na majahazi na misafara ya biashara. Daktari aliyefanya kazi Unguja, James Christie, alifuatilia njia ulizopitia, na mwaka 1876 akachapisha kitabu juu ya habari hiyo. Kabla yake, mwaka 1854, daktari John Snow alikuwa ameonyesha huko London kwamba wengi waliokufa katika mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Mpini wa pampu ile ukaondolewa ili watu wasichote tena. Tangu wakati huo tunajua kwamba kipindupindu huzuiwa pale watu wanapochota maji, wanapokula na wanapojisaidia. Pale pa kila siku.

Wimbi la kipindupindu tulilo nalo sasa ni la saba kuzunguka dunia. Lilianza Indonesia mwaka 1961. Mwaka 1970 lilifika Afrika Magharibi, na mwaka 1971 likaingia Kenya. Tangu wakati huo hupoa na kuwaka tena, kama moto uliofunikwa na majivu.

MAJI, SUKARI NA CHUMVI

Mwaka huo huo wa 1971, mbali na kwetu, jambo kubwa lilitokea. Vita vya kuzaliwa kwa taifa la Bangladesh viliwafanya watu mamilioni kukimbilia India. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kililipuka kambini. Wagonjwa walilala sakafuni. Maji ya kutundikiwa kwenye mshipa yalikuwa yakiisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kutumia njia ambayo wakati huo wengi hawakuiamini: alichanganya sukari ya glukosi, chumvi na magadi katika maji, kwa vipimo maalum, na wagonjwa wakanyweshwa kwa kikombe. Jamaa za wagonjwa wenyewe ndio waliokuwa wakinywesha.

Hapo awali karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Baada ya maji hayo kuanza kutumika, waliokufa walikuwa chini ya 4 katika kila 100.

Mama, tazama ni nani aliyekuwa daktari pale. Ni mama aliyekaa kando ya mwanawe na kikombe. Hakuhitaji sindano wala shahada. Alihitaji mtu wa kumwonyesha vipimo, na alihitaji kuanza mapema. Maji yale ndiyo tunayoyaita leo ORS, yale ya pakiti unayopewa kwenye zahanati.

MKUTANO WA 1978 NA NYAMRERWA WETU

Miaka saba baadaye, mwezi Septemba 1978, wajumbe wa nchi nyingi walikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao leo uko nchini Kazakhstan. Walikubaliana juu ya jambo walilolipa jina la huduma za afya ya msingi. Maana yake ni rahisi. Afya isingojee hospitali kubwa ya mbali. Ianze karibu na watu wanapoishi na wanapofanya kazi, nao watu wenyewe washiriki. Wakataja mambo ya kuanza nayo: elimu ya afya, chakula bora, maji safi na vyoo, huduma ya mama na mtoto, chanjo, kuzuia magonjwa yaliyozoeleka mahali pale, kutibu magonjwa ya kawaida, na kuwa na dawa za lazima.

Kwetu Nyanza wazo hilo halikubaki kwenye karatasi. Huko Saradidi, Asembo, katika Siaya, wanakijiji wakishirikiana na Daktari Dan Kaseje walianzisha mradi wao. Wanakijiji walichagua watu wao wenyewe, wakafunzwa kutoa huduma ndogo ndogo za afya nyumba kwa nyumba. Ndio wale tunaowaita nyamrerwa. Hakuja na gari. Alikuja kwa miguu, anajua jina la mtoto wako, na anajua kama choo chenu kimejaa.

Lakini njia ya kwenda zahanati haikuwa wazi kwa wote. Mwaka 1989 serikali ilianza kutoza ada katika vituo vyake vya afya, na mama asiye na pesa mkononi akawa anangoja kwanza aone kama mtoto atapata nafuu. Mwaka 2004 ada ilipunguzwa ikawa shilingi 10 kwenye zahanati na shilingi 20 kwenye kituo cha afya, na watoto wa chini ya miaka mitano wakatibiwa bila malipo. Mwaka 2013 ada hizo za zahanati na vituo vya afya ziliondolewa. Kumbuka miaka hiyo tunapoendelea. Kipindupindu huhesabu saa, na kila kinachomfanya mama asite ni saa zinazopotea.

MWAKA 1997: ZIWA LILIPOTUTISHA

Sasa tufike nyumbani kabisa. Wakati huo Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya katika Mkoa wa Nyanza. Mwezi Juni 1997 kipindupindu kililipuka mkoani. Mwishoni mwa mwaka huo mvua kubwa za El Niño zikanyesha, mito ikafurika, na ugonjwa ukiwa tayari umeingia vijijini. Kufikia Machi 1998, watu 14,275 walikuwa wamelazwa hospitalini katika mkoa huu kwa sababu ya kipindupindu. Kati yao, 547 walifariki. Hao ni wale waliofika hospitalini tu.

Wataalamu walichunguza ugonjwa uliingia kwa njia gani. Waliwalinganisha waliougua na wale ambao hawakuugua. Walipata mambo matatu yaliyowatofautisha.

La kwanza, kunywa maji ya Ziwa Victoria au ya kijito. La pili, kula chakula pamoja na mtu anayeharisha. La tatu, kuhudhuria karamu za matanga.

Tuongee kidogo juu ya matanga, kwa heshima. Kwetu mtu hazikwi kimya kimya. Watu hutoka mbali, huomboleza pamoja, na hula pamoja. Hiyo ni mila yetu na ni utu wetu. Lakini tazama inavyokuwa: watu mia kadhaa, choo kimoja, maji yametekwa mtoni kwa haraka, nyama imepikwa asubuhi na inaliwa jioni, na pengine marehemu mwenyewe alikufa kwa kipindupindu na waliomwosha ndio wanaopakua. Historia haituambii tuache kuwazika watu wetu. Inatuambia maiti ya aliyekufa kwa kipindupindu ishughulikiwe kwa maelekezo ya afisa wa afya, maji yawekwe dawa, chakula kiliwe kikiwa moto, na mahali pa kunawa kwa sabuni pawe karibu na choo na karibu na chakula. Wazee wakielezwa mapema, wanaelewa. Wakielezwa siku ya mazishi, inakuwa ugomvi.

WAFINYANZI NA WAUGUZI WA HOMA BAY

Baada ya msiba ule, watu hawakukaa bure. Shirika la CARE Kenya lilianza kufanya kazi na vikundi vya wanajamii upande wa Homa Bay kuhusu maji ya nyumbani. Wazo lilikuwa hili: kabla mabomba hayajafika kila kijiji, kila nyumba inaweza kuyasafisha maji yake kwa dawa ya klorini na kuyaweka katika chombo ambacho mkono hauingii.

Hapo likatokea tatizo. Akina mama walipenda mtungi wa udongo kwa sababu maji yake hukaa baridi na huwa matamu. Lakini mdomo wa mtungi ni mpana. Mtoto anachovya kikombe, na mkono wake pia. Basi wanawake wafinyanzi wa huko wakaufinyanga mtungi upya. Wakaufanya mdomo kuwa mwembamba, wakauwekea mfuniko, na chini wakatia bomba dogo la kufungulia. Maji yakabaki baridi na mikono ikabaki nje. Wanawake walioujua udongo wao ndio waliotatua jambo hilo. Na mwaka 2003 dawa ya klorini iitwayo WaterGuard ikaanza kuuzwa madukani nchini Kenya.

Halafu wakaja wauguzi. Katika kliniki moja ya mama na mtoto huko Homa Bay, wauguzi walifunzwa jinsi ya kusafisha maji na kunawa mikono, na wakaanza kuwafunza akina mama waliokuja kliniki. Yalikuwa mafunzo yale yale unayopewa ukiwa umekaa kwenye benchi ukingoja mtoto apimwe uzito. Je, yalisaidia, au yaliishia kwenye benchi? Watafiti walikwenda nyumbani kwa baadhi ya akina mama hao. Mwaka mmoja baadaye, katika nyumba 7 hivi kati ya kila 10 walizotembelea, maji ya kunywa yalikuwa na klorini. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2006.

Kwa hiyo mama, muuguzi akianza kuongea juu ya maji kliniki, usidhani anapoteza wakati wako. Foleni ile ni darasa.

MWAKA 2008: VIFO AMBAVYO HAVIKUANDIKWA

Mwanzoni mwa mwaka 2008 nchi yetu ilikuwa katika machafuko baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Barabara zilifungwa. Watu walihama. Wahudumu wa afya wengine hawakuweza kufika kazini na dawa hazikufika vituoni. Ndipo kipindupindu kikalipuka magharibi mwa Kenya.

Ripoti za vituo vya afya zilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100, karibu 5 au 6 walikufa. Hiyo tayari ni idadi mbaya. Kisha wachunguzi walitoka kuwatafuta wagonjwa na waliokufa huko huko vijijini, bila kungoja ripoti. Walichokipata kinahuzunisha. Kwa kila kifo kimoja kilichoripotiwa, kulikuwa na vifo vingine viwili ambavyo havikuripotiwa. Hesabu ikapanda ikawa zaidi ya vifo 11 katika kila wagonjwa 100.

Kisha waliuliza swali lile lile tulilouliza mwanzoni: aliyepona na aliyekufa walitofautiana nini? Waliolazwa hospitalini walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Waliotibiwa katika vituo vya serikali pia. Na kuna jambo moja zaidi, ambalo ningependa ulishike: waliokuwa wameelimishwa kuhusu kipindupindu na wahudumu wa afya hawakufa kwa wingi kama wale ambao hawakuelimishwa.

Elimu tu, mama. Maneno ya mtu aliyefika mlangoni. Aliyeambiwa kwamba kuharisha maji matupu ni hatari ya saa chache hakungoja asubuhi. Aliyeambiwa ampe mgonjwa maji njiani alimpa, na mgonjwa akafika akiwa hai.

Lakini tuseme ukweli wote. Wako waliofika hospitalini na bado wakafa. Rekodi za baadhi yao zilionyesha kwamba hawakupewa maji ya kutosha, wahudumu walikuwa wachache na vifaa vilikuwa vimepungua. Mwaka 2017 tuliona tena jinsi mlango wa kwanza ukifungwa mambo huharibika: wauguzi wa kaunti waligoma kwa muda wa miezi mitano hivi, na zahanati nyingi zikakosa mtu wa kuhudumia. Elimu ya mama haiwezi kujaza nafasi ya zahanati yenye muuguzi na ORS. Mama na zahanati ni kama mikono miwili; mmoja huuosha mwingine.

KUTOKA 2006 HADI LEO

Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilianzisha Mkakati wa Afya ya Jamii. Kijiji na nyumba zake zikatambuliwa kuwa ngazi ya kwanza ya huduma za afya, kabla ya zahanati. Kitengo kimoja cha jamii kilipangwa kuhudumia watu wapatao 5,000, na kila mhudumu wa kujitolea alipangiwa nyumba 20 hivi. Baadaye nyumba za kila mhudumu ziliongezwa. Wazo la nyamrerwa likawa wazo la nchi nzima. Kwa miaka mingi wengi wa wahudumu hao walifanya kazi bila malipo, na wengi wao walikuwa wanawake.

Ugonjwa haukuisha. Mlipuko ulioanza nchini mwishoni mwa 2014 ulifika Migori na Homa Bay mapema mwaka 2015. Kufikia Januari 2016, zaidi ya wagonjwa 11,000 walikuwa wameripotiwa katika kaunti 22 kati ya 47 za Kenya. Na mwanzoni mwa mwaka 2025 kipindupindu kilitokea tena Migori na Kisumu.

Kwa nini hurudi kwetu? Tunaishi kando ya ziwa, na wengi bado wanachota humo. Mto Kuja hufurika huko chini Nyatike na kufukia vyoo. Wavuvi hulala kwenye fuo ambako vyoo ni vichache. Watu huvuka mpaka wa Isebania kila siku kwa biashara. Haya hayatabadilika kwa wiki moja. Kinachoweza kubadilika upesi ni muda kati ya mtu wa kwanza kuugua na mtu wa kwanza kutoa habari.

Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua kazi ya wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wakapewa mikoba ya vifaa, na ikapangwa walipwe posho na serikali kuu pamoja na kaunti. Mwezi uliofuata Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ilitiwa saini. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kumwita yupo, na anatambuliwa na sheria. Je, wewe unamjua wa kwako? Unayo namba yake ya simu? Kama huna, itafute leo, kabla hujaihitaji.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Mtu akianza kuharisha maji matupu, fanya hivi:

1. Anza kumpa ORS papo hapo. Soma kwenye pakiti ni kiasi gani cha maji kinachotakiwa, kwa maana pakiti nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita moja. Maji yawe safi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage, ukoroge mengine.

2. Ukiwa huna pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visiwe na kilima. Sawazisha juu kwa kisu. Usizidishe chumvi, ni hatari kwa mtoto.

3. Mtoto wa chini ya miaka 2, mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Wa miaka 2 hadi 10, nusu hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea polepole, kijiko kwa kijiko.

4. Usimwachishe mtoto kunyonya. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye mara nyingi zaidi, na umpeleke zahanati mara moja. Anayekula, aendelee kupewa uji na chakula laini.

5. Wakati unampa ORS, anza safari ya kwenda zahanati au kituo cha afya. Usingoje pakiti iishe uone. Beba ORS kwenye chupa, umnyweshe njiani, hata mkiwa kwenye boda boda au mashua. Mtoto anayeharisha hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Mpe vyote hata kuharisha kukikoma.

6. Kimbia usisite ukiona macho yameingia ndani, mdomo umekauka, mtoto analia bila machozi, hakojoi, ngozi ukiivuta hairudi upesi, au amelegea na hawezi kunywa.

7. Mpigie mhamasishaji wako wa afya au mwarifu chifu. Kutoa habari si kuwaaibisha watu wa nyumba ile. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Habari ya mgonjwa mmoja huweza kuokoa kijiji.

Na kila siku, hata kama hakuna mlipuko: weka dawa kwenye maji ya kunywa kwa kufuata maelezo ya chupa, subiri nusu saa kabla ya kunywa, au yachemshe. Yafunike. Tumia choo, na kinyesi cha mtoto mchanga pia kitupwe chooni. Tundika kibuyu chirizi na sabuni karibu na choo. Nawa kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kunyonyesha, baada ya kutoka chooni na baada ya kumsafisha mtoto.

TURUDI KWENYE SWALI LETU

Tuliuliza kwa nini mmoja apone na mwingine azikwe. Historia ya ziwa letu imetujibu. Viini ni vile vile. Mara nyingi tofauti ni kama kulikuwa na mtu aliyemfundisha mama mapema, kama kulikuwa na ORS ndani ya nyumba, na kama zahanati iliyo karibu ilikuwa wazi, ina muuguzi na ina dawa. Mawili ya kwanza unaweza kuyatengeneza wiki hii. La tatu unaweza kulidai. Kamati ya zahanati yenu ina nafasi za wananchi. Hudhuria, uliza ORS ziko ngapi stoo, uliza nani anabaki usiku. Hilo nalo ni kulea.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Maji tunayokunywa kijijini kwetu yanatoka wapi, na nani anayaweka dawa?
2. Mgonjwa akishikwa usiku, njia ya kufika zahanati ni ipi, na nani ana chombo cha kumbeba?
3. Katika matanga ya mwisho tuliyohudhuria, palikuwa na mahali pa kunawa kwa sabuni? Ni nani angeweza kuzungumza na wazee juu ya jambo hilo?
4. Kila mmoja wetu ana pakiti mbili za ORS nyumbani? Asiyekuwa nazo atazipata lini?

Funika mtungi wako.